Ng'ombe wa Uwanja wa Shabaha

Alhamisi iliyopita Rajabu alinijia nyumbani hapa Kondoa, akasimama kizingitini bila kuingia, kofia mkononi, akaniamkia shikamoo mara mbili. Mtu akikuamkia mara mbili ujue ana neno linalomkwama. Babake, Athumani, rafiki yangu tangu ujana, tulikuwa tumeshamzika, na hitma yake ya arobaini ilibaki siku chache. Nilidhani kijana amekuja kunitaka nikachinje, maana nani mwingine? Tangu Wadachi, yaani Wajerumani, waondoke, watu wa mji huu wamezaliwa, wameoana na wamezikana, na nyama ya shughuli zote hizo imepita chini ya kisu changu. Nilikuwa nimeshakinoa. Rajabu akasema babake ameacha wasia, alioandikiwa na mwalimu wa msikiti wiki moja kabla ya kufa, na ndani yake mna maneno yanayonihusu. "Baba, amesema ng'ombe wa hitma yake asichinjwe na wewe." Kisha akaanza kukimbia na maneno, kwamba wao wenyewe hawaelewi, kwamba mzee alikuwa na homa, kwamba mimi ni kama baba yake na hawana nia ya kunivunjia heshima. Nikamwambia akae, nikammiminia kahawa, nusu ikaenda kwenye mkeka. Athumani hakuwa na homa yoyote ya kumpoteza akili. Alinijua kuliko mke wangu anavyonijua.

Rajabu alitaka kujua kulikuwa na nini kati yetu. Siku ile sikumjibu. Nimekaa na jibu lake kifuani siku zote hizi kama mtu aliyemeza mfupa, na sasa nalitoa lote, na atakayelisoma alisome bila kunionea huruma, kwa sababu mimi mwenyewe sijionei. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika Dodoma naziacha. Hazina kosa lolote katika jambo hili. Ulikuwa mwaka ule ambao reli ilikuwa imeshaipita Dodoma, inajengwa kwenda Tabora, na mimi nilikuwa kijana mwenye ndevu zake, mchinjaji wa boma. Ilikuwa kazi kamili ile, yenye posho. Askari wengi walikuwa Waislamu, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasudani, na hawali nyama isiyochinjwa na Mwislamu kwa jina la Mungu. Wadachi walilifahamu hilo mapema, wakaona ni nafuu kumweka mtu mmoja mwenye kisu kuliko kugombana na watu sitini wenye bunduki. Mtu huyo ndiye mimi, Salimu. Nikisema nyama ni halali, watu sitini wanatia mkono kwenye sinia. Sikuwa na cheo, sikuwa na viatu, lakini nilikuwa na hilo neno langu, na nililiona kubwa kweli.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya ghala la bunduki, cha udongo, paa bapa la tembe la Kigogo, chini kiasi kwamba mrefu kama mimi hutembea humo ameinamisha shingo. Kisu kilining'inia darini kwenye kamba ya ngozi. Upande mmoja harufu ya mafuta ya bunduki, upande mwingine harufu ya mafuta ya ng'ombe, na mbele upepo wa Dodoma unaokutia vumbi mpaka kwenye meno. Athumani alikuwa askari, kijana wa Kondoa kama mimi, na jioni za Ramadhani alikuja kufuturu kwangu kwa sababu kule kambini wake za askari wenzake walikuwa na maneno mengi. Tulikula uji wa uwele, ugali wa mtama na mlenda, tukiongea habari za nyama tutakayoila sikukuu. Athumani alipenda nyama jamani. Alikuwa akiniuliza ng'ombe wa Idi yukoje, mbavu zake zimekaaje, nundu imesimama au imelala, utadhani ninamwelezea mchumba.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu mwenye paji jeupe, fahali aliyehasiwa, mnono, mtulivu. Serikali ilimchukua kwa Mgogo mmoja wa upande wa Miyuji, Mzee Malogo, ikiwa faini, eti ng'ombe zake waliingia bustani ya boma wakala kabichi. Askari walipewa awe ng'ombe wao wa Idi. Mzee Malogo hakurudi kwake. Alikaa nje ya ukuta wa boma siku tano, amejifunga shuka lake la rangi ya udongo, na kila nilipopita alinisalimia "Mbukwa" na kuniomba nimwombee kwa wakubwa: atoe mitamba miwili, wamrudishie yule mmoja. Mitamba miwili kwa dume lisilozaa! Nilimwona mjinga. Nilimwahidi nitasema, na sikusema. Huyo ng'ombe alikuwa na jina, na akiitwa jina lake ndani ya zizi la boma alikuwa akigeuza kichwa kuelekea ukutani, kule alikokaa mzee.

Sasa nije kwa Mdachi mmoja mwenye bastola. Jina lake halisi halitasaidia kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akihukumu mashauri pale bomani, na watu walimwita Bwana Leso, kwa sababu hakuacha kushika leso nyeupe yenye marashi, akiibandika puani kila Wagogo walipoingia na mafuta yao ya samli na udongo mwekundu. Alitunusa kama watu waliooza. Na yeye je? Mimi niliyeshinda kwenye matumbo ya ng'ombe nilikuwa nabana pumzi nikimkaribia: jibini la kopo, tumbaku, na jasho la wiki lililofunikwa marashi. Alipenda maini, na aliyataka yaonyeshwe moto tu, yaletwe mezani yakiwa bado yanatoka damu. Nimemwona kwa macho yangu damu ikimshuka kidevuni, akaifuta kwa leso ile ile, kisha akaitia leso puani. Hata leo, baada ya umri huu wote, nikiona mtu anajifuta mdomo kwa kitambaa cheupe natazama pembeni.

Bastola ililetwa na gari la moshi, ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha buluu. Ilikuwa ndogo ajabu. Askari wetu walikuwa na bunduki zile za zamani za moshi mwingi, risasi nene kama kidole gumba, na walizoea kwamba silaha ni kitu kinachokusukuma bega. Hii ilitoshea kwenye kiganja, risasi zake kama punje za mahindi membamba. Jioni hiyo Athumani alikuja kufuturu akicheka mpaka akapaliwa na uji. Yeye alipangwa siku hiyo kwenye shimo la uwanja wa shabaha, lile anamojificha askari mmoja chini ya shabaha ili ainue kibao kuonyesha risasi imeingia wapi. Bwana Leso alikuwa amepiga ubao wa mninga kwa hatua ishirini, na risasi hazikupita. Zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye ubao kama kupe, Athumani akazing'oa kwa kucha. Alipoinua kibao kuonyesha, alisikia askari juu wakibana kicheko, na Bwana Leso akasikia pia.

Kesho yake mchana nilipeleka maini jikoni kwa Wazungu, waliokuwa peke yao wakila nyama mwezi ule. Nilisimama mlangoni, nimefunga, mate yamekauka, harufu ya vitunguu inanitesa. Mezani alikuwapo mgeni, mhandisi mnene wa reli aliyekuwa akingoja mabehewa yake. Watu walimwita Bwana Reli. Mpishi alielewa Kidachi, naye alikuwa akinitafsiria kwa sauti ya chini huku akigeuza kikaango. Bwana Reli alisema bastola hiyo itaua panya, ikiwa panya anaumwa. Bwana Leso akasema itaua ng'ombe. Wakapandishana. Wakawekeana kreti ya bia. Bwana Reli akauliza ng'ombe gani. Hapo mpishi akaacha kutafsiri, akaendelea kugeuza vitunguu vilivyokwisha kuiva, kisha akaniambia pole pole, "Ng'ombe wenu wa Idi." Nikauliza nani atamchinja sasa. Mpishi akasema wamekumbuka hilo: nitaitwa nikamchinje akishaanguka.

Naomba mtu asiyejua anielewe hapa, kwa sababu kila kitu kimekaa juu ya jambo hili. Mnyama akipigwa au akianguka, ukimkuta bado yu hai ukamchinja, ni halali. Ukimkuta ameshakufa ni kibudu, ni mzoga, hata ukimkata mara mia na kusoma mpaka sauti ikauke. Na mchinjaji anajua. Unagusa jicho, likipepesa yu hai. Ukikata, damu inaruka. Mguu unapiga. Hakuna mtu mwingine anayeona vizuri kama yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinama. Kwa hiyo watu humwuliza, na akijibu, yamekwisha.

Walimpeleka ng'ombe uwanjani asubuhi ya siku ya mwisho ya mfungo, kule bondeni, penye tuta la udongo. Askari wote walisimamishwa nyuma kwa mstari, juani, midomo mikavu. Bwana Reli alikaa kwenye kiti cha turubai chini ya mwavuli, anakunywa bia mbele ya watu waliofunga, anajifuta shingo. Ng'ombe alikataa kusimama kwa askari. Alizunguka, akavuta, akamburuza mtu mmoja. Bwana Leso akamwona Mzee Malogo kwa mbali, maana mzee alikuwa amefuata nyuma, akaamuru aletwe, ashike kamba. Mzee alipoishika ng'ombe akatulia pale pale, akamnusa mkono. Shaushi, mkubwa wa askari, Mmanyema mwenye kovu shavuni, alinisimamisha hatua arobaini nyuma na kisu changu, akaniambia ndivyo Bwana alivyoagiza: nisisogee mpaka Bwana apunge leso.

Risasi ya kwanza ilitoa mlio wa kijiti kilichovunjika. Ng'ombe alitikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Kwenye paji lile jeupe kikatokea kitone chekundu, basi. Ya pili nyuma ya sikio. Ng'ombe akageuka akamtazama Mzee Malogo. Bwana Leso akasogea karibu, leso puani, mkono umenyooka, akapiga ya tatu, na Bwana Reli akawa anahesabu kwa sauti kwa lugha yao huku akicheka. Ndiyo siku niliyojifunza kuhesabu Kidachi hadi sita, na sijakisahau, na sijawahi kukihitaji. Ya nne ndani ya sikio. Ng'ombe akapiga magoti ya mbele, akanyanyuka tena. Damu ikaanza kumtoka puani nyembamba, ikamtiririkia mzee kwenye shuka. Mzee hakuachia kamba. Alikuwa akisema naye kwa Kigogo, maneno yale yale, sauti ile ile, na mimi nilitamani anyamaze, maana alinifanya nisikie kitu ambacho sikutaka kusikia. Ya tano jichoni. Jicho moja. Baadhi ya askari walitazama chini. Nimechinja maelfu ya wanyama, na sijawahi kuona aibu kwa kazi yangu. Kukata ni mara moja, na kisu kikali ni heshima kwa mnyama. Ile haikuwa kuua. Alikuwa anamshonashona, na kila akitoboa anatazama kama tundu limekaa vizuri.

Ya sita ilimwangusha. Nikamwambia Shaushi, niende? Akasema subiri leso. Bwana Leso hakupunga. Aliinama, akang'oa bua la nyasi, akaanza kulichomeka kwenye matundu, moja baada ya jingine, kupima risasi zimeingia kina gani, anaweka alama kwa ukucha na kumwonyesha mwenzake. Bwana Reli akainuka na chupa yake akaja kutazama. Wakajadiliana. Wakabishana. Mimi nimesimama na kisu. Ningeweza kukimbia. Nimefikiria hili miaka yote: hatua arobaini, kijana mwenye nguvu, nani angenizuia kabla sijafika? Ningepigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano juu ya gogo mbele ya watu, lakini ningemwahi. Nilisubiri leso. Ilipopungwa nilikwenda mbio, mbio za kuonekana nakimbia.

Niliinama. Jicho lililobaki lilikuwa wazi. Nzi alikuwa anatembea juu ya mboni, akasimama, akajipangusa miguu, na jicho halikupepesa. Niligusa kwa kidole. Halikupepesa. Nikasema bismillahi, nikakata, na damu ikatoka nzito, nyeusi, bila haraka yoyote, kama maji ya mfereji uliofungwa. Mguu haukupiga. Nyuma yangu walisimama watu sitini. Mwezi mzima hawakuonja nyama. Wake zao walishaazima masufuria. Shaushi akauliza kwa sauti ya kusikika mstari mzima:

"Umemwahi?"

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Malogo aliyekuwa bado ameshika kamba akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Huyo ameshakwenda. Nimemsikia kwenye kamba."

Hapo ndipo nilipoulizwa mimi ni mtu gani. Ningesema tu, mzee anasema kweli. Maneno matatu. Kilichonipita kichwani sikumbuki kama kilikuwa hofu ya Bwana Leso, aliyekuwa anatutazama akitabasamu na bastola yake, au uchu wa kichwa cha ng'ombe, maana kichwa kilikuwa haki ya mchinjaji, au ile nguvu ya watu sitini wanaotaka jibu moja. Labda vyote. Nilimgeukia mzee aliyenizidi umri kwa miaka arobaini, nikamwambia, "Wewe unayekula kibudu unajua nini habari ya kuchinja?" Mstari mzima wa askari ukaangua kicheko. Kicheko cha kupumua, cha watu waliotuliwa mzigo. Nami nikamwambia Shaushi, "Nimemwahi."

Mzee Malogo alifungua kamba yake kutoka kwenye pembe, akaikunja vizuri, kunjo juu ya kunjo, akaitia begani. Kwao, aliwahi kuniambia pale ukutani, ng'ombe wa tambiko huzibwa pumzi asimwagike damu, na mwenyewe husimama naye mpaka mwisho. Alikuwa amesimama. Akaondoka kuelekea Miyuji kwa mwendo ule ule wa siku zote. Sikumwona tena, na mpaka leo nikisikia Mgogo ananiambia mbukwa nahisi shavu linawaka. Wazungu nao wakaondoka kwenda kula. Nilisikia baadaye kwamba walibishana nani ameshinda kreti, kwa kuwa Bwana Reli alidai risasi sita si kuua, ni kuchosha. Mwaka uliofuata Bwana Leso alirudi kwao na bastola yake mfukoni. Simjali. Nimechoka hata kumchukia. Mtu kama yule unamchukia kama unavyochukia uvundo, ukiondoka umeondoka. Ninayebaki naye ni mimi.

Idi ilikuwa nzuri, wallahi. Tuliswali uwanjani, wake za askari wakapika wali wa mchele wa pwani ulioletwa kwa reli, mchuzi mwekundu, masinia makubwa. Nilikalishwa karibu na Shaushi, mahali pa heshima. Watu waliponitazama nianze nikatia mkono, nikala. Nilikula kibudu nikijua ni kibudu, nikiangaliwa, nikitabasamu. Nyama ilikuwa na ladha nzuri kama nyama yoyote, na hilo ndilo lililonitapisha nyuma ya ghala la bunduki saa moja baadaye. Kile kichwa, ambacho kwa ajili yake niliwalaghai watu sitini ili nikichemshe supu, nilipoanza kukipasua risasi ilidondoka kwenye bakuli, tik. Nikakifukia chote. Upande wa pili wa sinia alikuwa Athumani, yule mpenda mbavu, amekaa ameshika shavu. Akala wali mkavu pembeni, mkono hakuuelekeza kwenye nyama. Nikamwuliza vipi. Akasema jino linamwuma. Nikamtania kwamba Mungu amempa jino siku ya Idi ili wengine washibe. Akacheka na watu wote.

Nilisahau kwamba siku ya kupigwa ng'ombe pia Athumani ndiye aliyekuwa shimoni. Sikusahau, nilijisahaulisha. Bwana Leso alipobadilisha shabaha ya ubao kuwa ng'ombe, hakuna aliyemtoa, akabaki mle chini ya tuta, macho usawa wa ardhi, hatua tano kutoka kichwa cha ng'ombe. Alimwona nzi.

Vita vikaja, Wadachi wakaenda, Waingereza wakaja. Athumani akarudi na mguu mmoja mzito, tukahamia Kondoa wote wawili, tukajenga karibu. Nilimshikia kamba ya punda wake, alinishikia mtoto wangu mgonjwa. Alikula kwangu mara ngapi? Alikula maharage, mlenda, mayai, maziwa ya mgando. Kwenye harusi nilizochinja alikula wali. Mara jino, mara tumbo, mara dakitari wa misheni amemkataza. Mimi nikawa namwita babu kibogoyo mbele ya wajukuu zake, na wao wakaimba jina hilo. Na asubuhi ile alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nilimfunga kidevu kwa mikono yangu mwenyewe. Meno yake yalikuwa yote, safu nzima, meupe, hata moja halikutoboka. Niliyaona na akili yangu ikayapita. Ni mpaka Rajabu alipokunywa kahawa yake na kuondoka, ndipo nikakaa mkekani peke yangu nikajiuliza: jino gani hilo la miaka arobaini? Nikamfuata shemeji, mjane wake, nikamwuliza marehemu alikuwa anapenda nini kula. Akasema, "Nyama. Kila akienda Mpwapwa alirudi na nyama iliyokaushwa, ameifunga kwenye kanzu. Nilimwambia ipo hapa mlangoni, ya Salimu. Akasema ya kule inamkaa vizuri." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kuchagua mchele wake.

Hakuniumbua. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwamba hakuniumbua. Angesema neno moja kambini ningefukuzwa na kupigwa, na angalau yangekwisha. Alikaa nami, akanifanya rafiki, akanificha, na kila siku ya maisha yake akaweka bakuli langu pembeni kwa adabu.

Siku ya hitma nilikwenda na kisu, nimekifunga kitambaa, nia yangu nimpe Rajabu. Ng'ombe alikuwa amelazwa uani, miguu imefungwa, ameelekezwa kibla, watu wamejaa hadi nje ya uzio. Mwalimu wa msikiti akasema wasia una kipande cha pili, ambacho marehemu aliagiza kisomwe hapo hapo. Akakisoma: kwamba Salimu asichinje, lakini aitwe, akae penye kichwa cha ng'ombe, na mtu yeyote asikate mpaka Salimu aseme yu hai. Watu wakageuka kunitazama. Wengi walidhani ni heshima ya uzee. Nikaenda nikachuchumaa, magoti yakalia. Nilimtazama ng'ombe jicho, kubwa, lenye unyevu, nikamwona nzi akizunguka, akatua ukingoni mwa kope. Jicho likapepesa. Nzi akaruka.

"Yu hai," nikasema. "Mchinje."

Rajabu akakata, damu ikaruka mpaka kwenye mkono wangu, mguu ukapiga. Watu wakaanza kusogea kwa kazi. Mimi sikuinuka. Nikasikia sauti yangu, kavu, ikisema kwamba yule wa Dodoma, wa uwanja wa shabaha, alikuwa amekufa kabla sijafika, na Mgogo mmoja alisema kweli nikamtukana, na watu sitini nikawalisha kibudu siku ya Idi, na Athumani alijua. Mzee mmoja, mwana wa askari wa zamani, akauliza, na sisi ambao baba zetu walikula? Mwalimu akasema aliyekula bila kujua hana dhambi. Hakumalizia, wala sikuhitaji amalizie. Mwingine akauliza kuhusu ng'ombe wote wa miaka hii. Nikawaambia kila mmoja nimemgusa jicho, na nikaona nyusoni mwao kwamba neno langu halina uzito tena kama lilivyokuwa asubuhi. Nikampa Rajabu kisu na kitambaa chake.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye kona ya mkeka mpaka hitma ikasomwa na sinia zikaletwa. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeniletea bakuli, mbavu zimepangwa juu, zile alizokuwa akizipenda Athumani. Niliziangalia. Nikamwambia jino linaniuma. Akasimama kidogo, yeye aliyelisikia jino hilo kwa mumewe miaka yote, kisha akainama akaniondolea bakuli, akaniletea wali mkavu.